Usukani Unatikisika: Ufunge Dampa au Usifunge? Mwongozo kwa Waendesha Pikipiki wa Mtwara na Lindi

Msimu mmoja wa korosho alinijia kijana wa kijiwe kimoja cha Mikindani, dereva wa Boxer 150. Kabla hata hajazima injini akanyoosha simu. Kwenye kioo palikuwa na picha ya kijiti cha rangi ya dhahabu, mfano wa shokapu ndogo, kimelazwa mbele ya tangi la pikipiki ya mashindano.

"Shikamoo fundi. Nataka unifungie dampa hii. Mnyama wangu akikaribia themanini anatikisa kichwa kama anayekataa."

Nikamwitikia marahaba, nikamwambia simu aiweke mfukoni na pikipiki aisogeze kivulini. Ndani ya saa moja tulikuwa tumeshaona vikombe vya stelingi, vile vinavyokalia gololi kwenye shingo ya usukani, vimechimbika, spoku sita za mbele zimelegea, na tairi lina upepo nusu ya unaotakiwa. Tukarekebisha vyote vitatu. Dampa hakununua, na mpaka leo hajairudia hiyo habari.

Ninaeleza hapa utaratibu niliomfuata, kwa sababu swali lake naulizwa mara nyingi siku hizi, na vijana wananunua dampa kwa fedha nyingi ilhali pikipiki inaumwa mahali pengine. Kuna watu wanaoihitaji kweli, nitawataja mbele. Lakini usianzie dukani.

Kwanza ujue dampa inafanya nini

Dampa ya stelingi ni kifaa cha kupunguza kasi ya usukani unapogeuka ghafla. Ndani yake kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye tundu dogo. Ukigeuza usukani polepole, mafuta yanapita bila ubishi. Jiwe likiurusha usukani kwa nguvu, mafuta hayawezi kupita upesi hivyo, basi usukani unazuiwa. Kazi yake ni hiyo tu. Hainyooshi kilichopinda wala haikazi kilicholegea.

Sasa angalia gurudumu la toroli la mizigo, lile linalojizungusha lenyewe upande wa mbele. Likiwa zima hufuata nyuma ya mhimili wake kwa utulivu. Likilegea kidogo tu, ukikimbiza toroli linaanza kupigapiga kushoto na kulia. Gurudumu la mbele la pikipiki nalo linafuata nyuma ya mstari wa stelingi kwa namna hiyohiyo, na ndiyo maana pikipiki hujinyoosha yenyewe ikiwa kwenye mwendo. Palipo na ulegevu, mtupo mmoja mdogo unazaa mwingine, na usukani unaanza kupiga.

Yapo mayumbo ya aina mbili, na kuyachanganya ndiko kunakowapoteza wengi.

La kwanza ni usukani wenyewe kutikisika. Mwili wa pikipiki umetulia lakini mikono inapigwa haraka haraka, mara 4 hadi 10 kwa sekunde. Ukitaka kuhesabu kwa mdomo huwezi. Tikisiko hili dampa inalipunguza.

La pili ni pikipiki nzima kuyumba kama nyoka: nyuma inakwenda huku, mbele inakwenda kule, polepole kiasi kwamba unaweza kuhesabu, mara 2 au 3 kwa sekunde. Hili hutokea zaidi mwendo ukiwa mkubwa na mzigo ukiwa mzito nyuma. Hapa dampa haisaidii, na ikikazwa sana inaweza kuuzidisha uyumbaji. Kwa hiyo mtu mwenye yumbo la pili akifunga dampa, amelipa fedha ili ahatarike zaidi. Naomba sana jambo hili ulielewe kabla ya kuendelea.

Hatua ya kwanza: jihoji kabla ya kushika spana

Kaa chini ukumbuke vizuri. Inatikisika ukiongeza mwendo, au ukiachia yas (mshiko wa kuongezea mafuta) na mwendo unapungua? Ikianza unapopungua, mara nyingi kati ya 80 na 50 kwa saa, elekeza macho kwenye tairi la mbele na beringi za stelingi. Inatikisika ukiwa peke yako au ukiwa na mzigo tu? Kama ni mzigo tu, pengine pikipiki ni nzima na shida iko kwenye kerio, kile kibebeo cha mizigo cha nyuma. Inatikisika kwenye lami nyoofu isiyo na upepo, au ni pale tu unapopishana na lori?

Swali la lori si dogo huku kwetu. Anayekwenda Masasi kutokea Mtwara anapishana na malori ya makaa ya mawe yanayoshuka kutoka Mbinga kuja bandarini. Lori lile likikupita linakusukuma kwanza, kisha linakuvuta. Na kuanzia Mei hadi Septemba, kusi linapovuma, ukikaribia Lindi mjini upande wa bahari unapigwa ubavuni bila kukoma. Pikipiki nzima itasukumwa na upepo, itainama kidogo, kisha itatulia yenyewe. Pikipiki mbovu itasukumwa, halafu itaendelea kutikisika baada ya lori kupita. Upepo ni wa kila mtu. Cha kuangalia ni pikipiki inatumia muda gani kutulia.

Swali la mwisho: ilianza lini? Kama ilianza siku moja baada ya kubadilisha tairi, kuanguka, au kufungua stelingi, jibu unalo.

Wakati bado hujarekebisha: usukani ukipiga barabarani

Hili nimeliweka hapa kwa sababu unaweza kulihitaji leo jioni. Rudisha yas taratibu, usiiachie ghafla. Usiguse breki ya mbele. Bana tangi kwa magoti, inamisha kifua mbele kidogo, na mikono iache ishike bila kukakamaa. Mkono uliokakamaa unapeleka kila pigo mwilini na mwili unalirudisha kwenye usukani. Wapo wanaofundisha kuongeza mwendo ili mbele iwe nyepesi. Mimi siwaungi mkono, kwa sababu ukikosea unaanguka ukiwa kwenye mwendo mkubwa kuliko ulioanza nao.

Wala usijaribu kuachia mikono ili uone kama inatikisika. Nimewaona vijana wakifanya hivyo barabarani, na sitaki kuwaona tena.

Hatua ya pili: upepo na tairi

Tafuta geji. Fundi pancha wengi wanajaza kwa kubonyeza tairi kwa kidole gumba, na kidole hakijui kutofautisha PSI 15 na 25, namba unazozisoma kwenye geji. Pikipiki nyingi za 125 na 150 zinataka karibu 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, nyuma ikipanda hadi 32 au zaidi ukiwa na abiria. Namba kamili ya pikipiki yako imeandikwa kwenye kitabu chake au kwenye kibandiko karibu na kava la cheni. Pima asubuhi kabla hujatembea, kwa sababu tairi likipata moto namba inapanda.

Anayerudi kutoka Msimbati au kwenye mchanga wa vijijini Newala na Tandahimba ana mtego wake. Alipunguza upepo ili apite mchangani, akafanya vema, kisha akasahau kuujaza alipofika lami. Tairi laini la mbele kwenye mwendo wa 80 ni mwaliko wa tikisiko.

Kisha zungusha gurudumu la mbele likiwa juu. Kandokando ya rimu tairi lina mstari mwembamba unaozunguka. Umbali kati ya mstari huo na rimu uwe sawa pande zote. Ukizama mahali fulani, tairi halijakaa, na kosa hilo hutokea sana pancha inapozibwa njiani kwa haraka. Pitisha kiganja juu ya tairi. Ukihisi mabonde-mabonde, au umbo limekuwa bapa katikati, tairi limekwisha hata kama bado lina meno.

Hatua ya tatu: gurudumu

Gonga kila spoku kwa spana ndogo. Iliyokazwa inalia, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Shika rimu juu na chini uitikise kwa ubavu. Ikigonga, beringi za gurudumu zimekwisha. Izungushe huku umeweka ncha ya bisibisi karibu na rimu, uone kama inapanda na kushuka au inakwenda ubavuni. Hakikisha nati ya ekseli imekazwa. Hapa hakuna siri nyingine.

Hatua ya nne: stelingi yenyewe

Hapa ndipo nakuomba utumie muda, kwa sababu pikipiki nyingi nilizoletewa kwa kutikisika zimeponea hapa.

Simamisha pikipiki kwa dabo stendi, mtu akalie nyuma mpaka gurudumu la mbele liinuke. Kama ni pikipiki ya njia mbaya, Honda XL au Yamaha DT, isiyo na dabo stendi, weka kreti la soda chini ya injini na zuia gurudumu la nyuma kwa gogo. Chuchumaa mbele, shika shokapu mbili chini kabisa karibu na ekseli, sukuma na kuvuta. Ukisikia mgongo, yaani chuma kugonga kwa ulegevu, hata mdogo kama kucha, stelingi imelegea. Mwenzako aweke kidole pale shingo ya fremu inapokutana na kibano cha shokapu, atauhisi mgongo huo kabla yako.

Sasa shika usukani kwa vidole viwili tu, uupeleke polepole kutoka kushoto hadi kulia. Unatakiwa uteleze bila kukwaruza. Je, kuna mahali katikati ambapo unanasa, kama mlango unaoingia kwenye komeo lake? Hapo gololi zimechimba vijishimo ndani ya vikombe. Usukani unaonasa katikati hauwezi kufanya yale masahihisho madogo yanayoiweka pikipiki wima, na wewe utahisi inatangatanga barabarani. Hakuna kukaza kutakakoondoa vijishimo. Badilisha seti nzima, vikombe vya juu na vya chini pamoja na gololi zake, kisha paka grisi ya kutosha. Usibadilishe gololi peke yake ukaacha vikombe vya zamani; baada ya miezi michache utarudi gereji.

Sisi watu wa pwani tuna adui wa ziada. Chumvi ya bahari na mashine za kuoshea zenye nguvu zinaitoa grisi, maji yanabaki ndani, kutu inakula vikombe. Anayeendesha ufukweni, au anayebeba ndoo za samaki zinazochuruzika maji ya chumvi, afungue stelingi angalau mara moja kwa mwaka. Mvua za masika zikiisha ni wakati mzuri. Na ukipeleka pikipiki kuoshwa, mwambie kijana asielekeze bomba kwenye shingo ya fremu.

Kuhusu kukaza: ile nati ya duara yenye meno ina spana yake. Nimeona mafundi wanaipiga kwa patasi na nyundo, meno yanavunjika na hakuna anayejua imekazwa kiasi gani. Ikaze mpaka mgongo uishe, ilegeze kidogo sana, kisha ujaribu hivi: gurudumu likiwa juu, usukani umenyooka, usukume kidogo kwa kidole. Unatakiwa uanguke upande mmoja wenyewe kwa uzito wake, bila kusitasita. Ukibaki katikati umekaza mno. Ukifunga nati ya juu, rudia jaribio, kwa sababu nayo huongeza mkazo.

Hapa kuna tabia ambayo ningependa iishe kabisa mkoani kwetu. Dereva analalamika usukani unatikisika, fundi anaikaza stelingi mpaka inakuwa nzito, tikisiko linapungua, dereva analipa na kuondoka. Hiyo ni dampa ya kienyeji, na ni hatari. Pikipiki inasimama wima kwa sababu usukani unacheza kidogo kila wakati, hata usipouona. Ukiufunga, mwendo mdogo unakuwa wa kuyumba, kona zinakataa, na gololi zinachimba vikombe haraka kuliko mwanzo. Ukweli wa methali ya mficha maradhi unauona pale stelingi inaponasa kwenye kona.

Hatua ya tano: nyuma na mstari wa magurudumu

Watu wanasahau kwamba tikisiko la mbele linaweza kuzaliwa nyuma. Shika gurudumu la nyuma, lisukume kushoto na kulia. Ikigonga pale swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, inapoungana na fremu, bushi zimekwisha. Zibadilishe.

Kisha kamba. Funga uzi nyuma ya tairi la nyuma, uvute pande zote mbili hadi mbele, uguse kingo za tairi la nyuma kwa nyuma na kwa mbele yake. Usukani ukiwa umenyooka, nafasi kati ya uzi na tairi la mbele iwe sawa kushoto na kulia. Usiziamini sana alama za kukazia cheni, hasa kwenye pikipiki iliyowahi kuanguka. Uzi wa shilingi chache unasema kweli zaidi.

Shokapu za mbele zikivuja, badilisha oili sili na ujaze mafuta kwa kipimo, pande zote mbili sawasawa.

Hatua ya sita: mzigo

Nenda ukaangalie kerio yako kwa jicho la mtu mgeni. Je, imerefushwa kwa kuchomelewa hadi nyuma ya ekseli ya nyuma? Kila kilo inayokaa nyuma ya ekseli inainua mbele, kama mtu mzito aliyekaa mwisho wa pembea. Gunia la korosho likilala nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linabaki linagusa lami kwa adabu tu. Hapo ndipo linapoanza kupiga, na hapo ndipo pikipiki nzima inapoanza kuyumba kama nyoka.

Sogeza mzigo mbele uegemee kiti, ushushe chini, ufunge usicheze. Mzigo unaocheza ni mbaya kuliko mzigo mzito. Mishikaki, abiria wawili nyuma ya dereva, ni kosa hilohilo la uzito kukaa nyuma, pamoja na kuvunja sheria. Mwamvuli mkubwa au kioo cha upepo kilichofungwa kwenye usukani nacho kitoe, uone tofauti.

Dereva mmoja wa Nanyamba aliniambia, "Fundi, nikipunguza mzigo napunguza hesabu ya bosi." Namwelewa, maana hesabu inadaiwa kila jioni. Lakini kusogeza gunia sentimita 30 mbele hakupunguzi hata shilingi. Alijaribu, na tikisiko lake likaisha bila kubadilisha hata bolti.

Hatua ya saba: ijaribu tena

Chagua asubuhi tulivu na lami nzuri isiyo na watu. Kipande cha Mtwara kuelekea Mnivata kinafaa nje ya vijiji. Ndani ya makazi 50 ni 50. Panda peke yako, ukiwa na helmeti iliyofungwa, mikono yote miwili kwenye usukani. Ongeza mwendo kidogo kidogo, ukifika mwendo wako wa kawaida urudishe yas taratibu na usikilize. Siku nyingine jaribu na mzigo wako wa kawaida. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichoponya.

Asilimia siwezi kukutajia, ila walionifuata mpaka hapa na bado wakahitaji dampa nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Hatua ya nane: uamuzi

Kama unaendesha Boxer, TVS au yoyote ya 100 hadi 150 kwa bodaboda, usifunge. Mwendo wako ni mdogo, kona zako ni nyingi, unageuza usukani mpaka mwisho mara mia kwa siku kijiweni na sokoni. Dampa itakuchosha mabega na haitakupa kitu. Fedha hiyo inunue tairi zuri la mbele, seti ya stelingi na helmeti ya abiria.

Afisa ugani au muuguzi mwenye XL, DT au Yamaha AG anayepanda Newala na kushuka mabondeni, jibu langu karibu kila mara ni hapana. Najua mchanga unauvuta usukani. Lakini gurudumu kutangatanga mchangani si ugonjwa. Mchanga unakaa hivyo kwa kila mtu. Simama kidogo kwenye vikanyagio, peleka uzito nyuma, shikilia yas isipungue, legeza mikono, tazama mbali. Anayekodolea gurudumu la mbele ataanguka, awe na dampa au asiwe nayo.

Anayekwenda kasi kwenye njia za mawe na mchanga, ambaye mikono inakufa ganzi kwa sababu mawe yanaurusha usukani, na pikipiki yake imepita hatua zote za juu, huyo anafaidika. Dampa yake iwe ile ya mviringo inayokaa juu ya stelingi, aina inayotumiwa na wakimbiaji wa jangwani.

Mwenye pikipiki kubwa, za mashindano au za safari ndefu, zinazokuja huku kutoka Dar es Salaam, asome hapa vizuri. Pikipiki hizi zina stelingi iliyosimama zaidi na injini yenye nguvu ya kuinua mbele, na baadhi zinatoka kiwandani na dampa. Honda waliiweka ya kielektroniki kwenye CBR1000RR ya 2004, na BMW wakaongeza dampa ya kawaida kwenye R1200GS ya 2014. Kwa hiyo, kama umenunua iliyotumika, kwanza uliza kama ilikuwa nayo na mtu akaing'oa. Kama ilikuwa nayo, irudishe ileile. Angalia pia kama mwenye zamani alishusha shokapu za mbele, akainua nyuma, au akabadilisha saizi ya tairi. Rudisha vipimo vya kiwandani ndipo uzungumzie dampa.

Hatua ya tisa: kama jibu ni ndiyo, ifunge hivi

Nunua iliyotengenezwa kwa pikipiki yako, pamoja na vishikizo vyake. Zile za "inaingia kila pikipiki" vishikizo vyake hupinda. Kabla ya kulipa, ishike mkononi uisukume na kuivuta. Iwe na ukinzani sawa kwenda na kurudi. Ukikuta sehemu tupu isiyo na ukinzani, ndani kuna hewa. Ikilowa mafuta kwenye kijiti, iache hapohapo.

Usichomelee chochote kwenye shingo ya fremu. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu sisi mafundi mkono wetu unakimbilia mashine ya kuchomelea. Shingo ya fremu inabeba kila pigo la barabara, na moto unaudhoofisha ule ukingo wa kando ya weldi. Usitoboe shokapu wala kibano chake. Kishikizo cha shokapu kisikazwe mpaka bomba likabanwa, maana shokapu itaanza kunasa ikibonyea.

Ikishakaa, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Kinachousimamisha usukani kiwe kizuizi cha fremu yenyewe, wala si dampa kuishiwa urefu. Kijiti kibaki na nafasi ya milimita kadhaa pande zote mbili. Niliwahi kupokea pikipiki iliyofungwa dampa kwenye gereji ya mbali, usukani ukigeuka kulia unagota robo kabla ya mwisho. Mwenyewe alidhani ndivyo inavyotakiwa iwe. Alikuwa ameshaanguka mara mbili akigeuza kwenye njia nyembamba.

Rudia kugeuza huku mtu akibonyeza shokapu za mbele chini, kwa sababu mahali pa dampa panabadilika shokapu zikizama. Waya za krachi, yas na breki zisiguse wala kuvutwa. Vichwa vya mwisho vya dampa vizunguke kwa uhuru.

Hatua ya kumi: kuirekebisha

Anza na laini kabisa. Nenda uwanjani, zunguka namba 8 kwa mwendo wa kutembea. Ukiona unayumba au unalazimika kuupigania usukani, hata ule ukinzani mdogo ni mwingi, na dampa hiyo si yako. Ukiwa sawa, nenda barabarani. Ongeza mbofyo mmoja tu wa kirekebishio cha dampa, jaribu, rudi uwanjani. Unatafuta kiwango cha chini kabisa kinachoua tikisiko, na ukikipata simama hapo. Ukipita hapo kwenye mwendo mkubwa, pikipiki inaweza kuanza kuyumba mwili mzima, lile yumbo la pili nililolieleza mwanzo. Ukilihisi, punguza mbofyo siku hiyohiyo.

Ukiingia mjini ilegeze. Ukibeba mzigo uliobadilika sana, ijaribu upya.

Baada ya safari ya kwanza kaza bolti zote za vishikizo, kisha kila unapobadilisha oili ya injini. Futa vumbi kwenye kijiti kwa kitambaa, usitumie maji ya nguvu. Na kila baada ya miezi michache ing'oe kabisa, upande pikipiki bila hiyo kwa mwendo mdogo, kisha uinue mbele urudie jaribio la stelingi la hatua ya nne. Dampa nzuri inaweza kuuficha mgongo wa stelingi kwa muda mrefu, na bila kuing'oa hutajua gololi zimeanza kuchimba lini. Ikianza kuvuja ukiwa safarini, tuseme umefika Nangurukuru na Dar bado iko mbali, ifungue uiweke kwenye begi, na umalizie safari ukiwa chini ya 70.